Mke Mwenza Ndani ya Miwani

Siku kidole gumba cha Mzee Shekiondo kilipoinuka kwa mara ya kwanza tangu apatwe na kiharusi, mkewe Mwanjaa alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi: chai ya tangawizi, vipande vitatu vya muhogo wa kuchemsha, na kachumbari kidogo pembeni, maana mgonjwa alikuwa hali kitu kisichomchachusha ulimi. Aliona yote. Aliona glavu ya kijivu ikituna pale penye gumba, ikashuka, ikatuna tena. Miezi minne alikuwa akiiomba siku hiyo kwa Mungu. Lakini badala ya kupiga kigelegele, alihisi kama mtu amemkanyaga kifuani kwa kisigino.

Maana kilichokiinua kidole kile hakikuwa mchezo wake yeye.

"Umeona?" Mzee alisema. Mdomo wake bado ulikuwa umeenda upande, na miwani myeusi ya mchezo ilimfunika macho mpaka kwenye nyusi. "Mwanjaa, uko hapo? Umeona?"

"Nimeona, Baba Mwanahawa. Alhamdulillahi."

"Ee bwana, huyu Chausiku ni fundi!"

Sinia liligonga meza kwa kishindo, chai ikamwagikia muhogo.

Miaka hiyo, pale Manundu mjini Korogwe, fundi michezo alikuwa mtu wa kawaida kama fundi cherehani. Watu walikuwa wamekwisha kinai michezo ya jumla, ile iliyotoka kwenye viwanda vya ng'ambo, mmoja kwa watu milioni mia. Mwanjaa alikuwa na maneno yake juu ya michezo hiyo, na mteja akikalia benchi la dukani kwake lazima ayasikie.

"Ule si mchezo, ni mtego wa panya uliopakwa rangi," angesema huku akimfunga mteja kikuku cha vipimo. "Waliouunda hawajui jina lako. Wanajua unapowashwa tu. Watakukuna hapo hapo mpaka utoke damu, halafu wakuuzie plasta. Na simu zao hivyo hivyo, kila mwaka mpya, kila mwaka ile ya zamani inaumwa ghafla. Nyoosha mkono."

Fundi michezo wa mtaani alifanya kinyume. Alikuvisha kikuku mkononi na kidude kidogo kama punje ya mbaazi nyuma ya sikio, ukaondoka navyo siku saba. Ulipocheka, kikuku kiliandika. Ulipopita mahali moyo ukashtuka bila wewe kujua, kikuku kiliandika. Siku ya nane fundi alivitandaza vipimo vyako kwenye meza ya mwanga, nyuzi nyuzi za rangi, akakata na kushona mchezo wa mtu mmoja tu, usiomfaa mwingine hata akiazimwa.

Na kwa mgonjwa wa kiharusi kulikuwa na glavu. Watu wengi walidhani glavu ndiyo inayousukuma mkono kwa umeme. Sivyo. Umeme wake hauui hata sisimizi. Glavu ilikuwa inangoja. Mtu akikitamani kitu kwa moyo mzima, ubongo hutuma amri kwenda mkononi hata kama njia imekatika katikati; glavu huidaka amri ile hafifu na kuivusha upande wa pili. Pasipo hamu hakuna amri, na pasipo amri glavu ni soksi tu.

Mwanjaa alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini. Mumewe alipoanguka bafuni, alimpima mwenyewe na kumshonea shamba la michungwa la Muheza alikozaliwa: miti sitini, kila mmoja na kombo lake, umande kwenye majani, mbwa mwekundu wa utotoni akimfuata nyuma. Kazi yote ilikuwa kunyoosha mkono na kuchuma chungwa. Mzee alizunguka shambani humo miezi mitatu, akasifu umande, akasifu mbwa, na hakuchuma hata chungwa moja. Mkono ulilala mapajani kama wa mtu mwingine.

Muuguzi wa viungo ndiye aliyesema jaribuni fundi mwingine. Alisema na jambo jingine: mkono usipoamka kabla miezi sita haijatimia, mishipa itakaza, na ngumi ile itabaki imefumba mpaka kaburini. Mwanjaa akamwita Chausiku, aliyekuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita, ambaye sasa duka lake la ng'ambo ya barabara lilikuwa na foleni mpaka nje.

Siku ya tisa, gumba likainuka.

*

"Mchezo gani huo amekushonea?" Mwanjaa aliuliza kesho yake, akimkanda bega kwa mafuta ya nazi yenye karafuu.

"Bao."

"Bao? Bao hili la kete?"

"Hilo hilo."

Mwanjaa aliendelea kukanda, ila vidole vyake vilipoteza mpangilio. Mwaka ule alioolewa, miaka ishirini na saba iliyopita, alilikuta bao la mninga juu ya kabati, limefungwa kwa shuka ya rangi ya hudhurungi. Watu walipomwita Shekiondo barazani kucheza, alisema amelisahau. Mtu gani anasahau bao? Lakini Mwanjaa alikuwa bibi harusi, hakuuliza, na kutouliza kule kukawa mazoea.

"Mimi ulikuwa ukiniambia umelisahau."

"Limenirudia," alisema Mzee, akageuzia uso ukutani.

Siku mbili baadaye Mwanjaa alikuwa akifagia ukumbi aliposikia kicheko. Alisimama na fagio lake. Alikijua kicheko cha mumewe: kifupi, cha puani, cha mtu mzima anayeheshimu nyumba yake. Hiki kilitoka tumboni, kikapanda na kumalizikia kwa mluzi, kama cha kijana aliyeshikwa akiiba maembe.

Alisogea dirishani. Mle ndani Mzee alikuwa peke yake na miwani yake. Sauti ya mchezo ilimwingia sikioni yeye tu, kwa hiyo Mwanjaa alisikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Ala! Umenipitia wapi wewe? ... Hapana, hapana, rudisha, mwizi mkubwa. ... Nani gunia la chumvi? Mimi?" Akacheka tena, na gumba likaruka, likaruka tena. "Ee Mama Mwanahawa, ulimi huo utakuua!"

Fagio lilimtoka mkononi.

Mama Mwanahawa alikuwa mmoja tu, naye ni Hidaya, mke wa kwanza, aliyekufa kwa homa ya ini miaka thelathini iliyopita na kuacha mtoto wa miaka mitatu. Mwanjaa ndiye aliyemlea Mwanahawa, akamsuka nywele, akamwoza, na sasa binti huyo yuko Mwanza anapiga simu kila Jumapili. Mwanjaa hakujaliwa mtoto wa tumboni mwake. Kila alipomwita mumewe kwa heshima, Baba Mwanahawa, alimtaja mtoto wa mwanamke yule. Kila Shaabani alikwenda kulipalilia kaburi lake, akang'oa ndago moja moja, akijiona mwema.

Lakini mke mwenza wa kaburini hacheki na mumeo saa nne asubuhi.

Angekuwa hai, angalau angemtazama. Angeona naye anazeeka, magoti yanalia, meno ya pembeni yametoka. Wangegombana kisimani wakaisha. Huyu alikuwa na miaka ishirini na tisa na atabaki nayo. Tena alijua bao, mchezo ambao wanawake wachache waliukalia barazani, na alimtukana mume wake usoni mume akafurahi. Mwanjaa, miaka ishirini na saba, hajapata kumwambia Shekiondo neno lisilo na adabu. Alidhani hiyo ndiyo mali aliyoingia nayo.

*

Ijumaa jirani yao Mbaruku alikuja na kofia yake mpya, akamsukuma Mzee kwenye kiti cha magurudumu kwenda msikitini. Mwanjaa alingoja mpaka magurudumu yalipokata kona. Akafunga mlango kwa komeo, akachukua miwani na glavu, akavitandaza kwenye meza yake ya mwanga.

Kuna jambo ambalo mafundi michezo hawalifanyi. Kazi ya mwenzako haifumuliwi bila mwenye mchezo kujua na bila aliyeshona kujua. Ndiyo maana kila fundi humalizia kazi yake kwa pindo, fundo lake la siri, ili pindo likivunjwa ionekane. Mwanjaa alikuwa ameshamfukuza mwanafunzi mzima kwa kosa hilo.

Pindo la Chausiku lilikuwa mafundo matatu na moja. Mwanjaa aliliangalia akatabasamu bila furaha. Alimfundisha yeye, kwa mikono yake. Angeweza kulifungua na kulirudishia, hata Chausiku mwenyewe asijue.

Kazi ilipofunguka, alisahau hasira kidogo. Ilikuwa kazi nzuri, ndivyo ilivyomuuma. Hapakuwa na umande wala mbwa. Ubao wa mninga, mkeka, mwanga wa asubuhi, basi. Na upande wa pili wa ubao palikuwa na mikono miwili ya kike isiyo na uso, na juu yake uzi mwekundu wa moyo wa Shekiondo umejikusanya mnene kama kamba ya ng'ombe.

"Hapo ndipo alipokuweka, Hidaya," Mwanjaa alisema kwa sauti. "Basi toka."

Angeweza kufunga na kuacha. Aliketi kitako, mikono mapajani, akiitazama kamba ile nyekundu. Katika shamba la michungwa, miezi mitatu yote, uzi huo haukupata kuwa mnene hata kama wa kushonea kifungo. Je, yeye alikuwa wapi katika moyo wa mtu huyu? Aliyemgeuza kitandani usiku na mchana asipate vidonda alikuwa nani? Aliyemsafisha? Hidaya hakupata kumsafisha.

Alivuta kinasa sauti. Hakukata kitu, alijiambia. Anabadilisha sauti tu, mtu yule yule, mchezo ule ule. Akasema maneno yake polepole kwa sauti yake nzuri zaidi: "Karibu, Baba Mwanahawa. Cheza. Taratibu, usijichoshe. Pole, kete imekuponyoka. Umefanya vizuri sana." Akaishona sauti hiyo juu ya mikono isiyo na uso, mishono midogo midogo, safi. Akafunga mafundo matatu na moja.

Magurudumu ya kiti yalipolia nje, alikuwa jikoni akichagua mchele.

*

Jumamosi Mzee alivaa miwani, akakaa nayo nusu saa, akaivua. Gumba halikuinuka. Mwanjaa alijisemea ni uchovu. Jumapili akaivaa robo saa. Jumatatu aliivaa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akaiweka kando, akautazama mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vimejikunja zaidi ya juzi. Mwanjaa alipojaribu kuvinyoosha ili amkate kucha, vilikataa.

"Baba Mwanahawa, mbona huchezi?"

Mzee aliisogeza miwani mbali kidogo. Alikuwa mtu wa kupima maneno hata kabla ya ugonjwa.

"Huyu mchezaji mpya ana adabu sana," alisema.

Mkasi wa kucha ulisimama hewani.

"Nikikosea ananiambia pole. Nikipatia ananisifu. Bao halichezwi hivyo, Mwanjaa. Mtu hainuki kumfunga mtu anayemwonea huruma." Akavuta pumzi. "Sauti nimeijua tangu neno la kwanza. Nimengoja uniambie mwenyewe. Siku tatu nimengoja."

Mwanjaa aliushusha mkasi mkekani. "Na yule mwingine?" aliuliza, na sauti ikamtoka nyembamba. "Yule ulikuwa uniambie lini?"

"Yule sikumwita. Nilikaa, mikono ikasogea, nikaona ni yeye. Ningekuambiaje? Ningekwambia, Mwanjaa, unikande bega vizuri kesho nicheze na Hidaya?"

Mwanjaa alichukua kanga yake ya pili, akajitanda, akavuka barabara.

*

Dukani kwa Chausiku walikuwepo wateja watano. Chausiku, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa shanga, alipomwona mwalimu wake mlangoni alisimama pale pale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watoe watu."

Chausiku aliwatazama wateja, nao wakatoka wakinong'ona. Mwanjaa hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo, akiangalia rafu ya vikuku: pindo, kinasa sauti, gumba lililolala. Alipomaliza, Chausiku alivua miwani yake shingoni, akaivaa, akaivua tena.

"Mama. Wewe ulimfukuza Sefu kwa jambo hili hili. Mbele yetu sote."

"Najua."

"Alilia mpaka akashika ukuta."

"Najua, Chausiku! Niambie unalotaka kuniambia, kisha nirudishie sauti ya yule mwanamke. Uliitoa wapi? Mwanahawa ndiye aliyekupa?"

Chausiku alimtazama kwa mshangao. "Sauti gani? Mimi sijaweka sauti ya mtu."

"Mikono ile..."

"Mikono ni mikono tu. Mama, ungetazama vizuri ungeona mwenyewe, maana hili umenifundisha wewe. Nilipovitandaza vipimo vya Mzee niliona kitu kimoja: mtu huyu amezungukwa na mapenzi mpaka hana pa kugeukia. Kila mtu anampa pole. Hakuna anayemshinda. Nikamshonea mpinzani, nikaacha nafasi tupu pale pa uso na sauti. Nani aingie pale, sikuchagua mimi. Alichagua yeye, na hata yeye hakujua anachagua."

Mwanjaa alitafuta benchi kwa mkono, akakaa. Miaka thelathini ya kusoma nyuzi, na nafasi tupu aliiona kama mwanamke.

"Naweza kufumua sauti yako," Chausiku aliendelea taratibu. "Lakini uzi wa vipimo vyake umeshashonwa mara mbili, umechoka. Nikiufumua mara moja tena nafasi itakuwa tupu kama mwanzo, na atakayeijaza ndani ya saa ya kwanza ndiye atakayebaki. Baada ya hapo ukigusa tena, utakatika. Na kumpima upya ni mpaka moyo upumzike miezi miwili toka vipimo vya mwisho, nasi tumebakiwa na wiki sita tu."

"Atakayeijaza. Yaani yeye tena."

Chausiku aliinama akajifanya kufunga kifungo cha kikuku.

"Sema."

"Si lazima awe yeye. Moyo unashika kilicho karibu. Ukikaa kitako pembeni yake saa hiyo, azisikie kanga zako, asikie harufu ya mafuta yako, umwambie neno hili na lile... huenda ukaingia wewe, Mama. Wewe kweli, siyo ile sauti ya kinasa."

"Na mkono?"

"Kwa yule wa kwanza najua: siku tisa, gumba. Kwako wewe sijui. Huenda ukaamka. Huenda ukalala moja kwa moja. Ningekuwa na la kukuhakikishia ningesema."

Nje gari la kuuza maji lilipita likipiga king'ora chake. Mwanjaa alisikiliza mpaka likapotea.

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi sina mume wa kugombania, Mama," alisema Chausiku, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. "Lete miwani."

*

Alirudi nyumbani saa tisa, kazi imefumuliwa, pindo bado mbichi. Mzee alikuwa amekaa pale pale, mkasi wa kucha bado uko mkekani. Mwanjaa aliketi chini mbele yake, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya kufundwa, akamweleza kila kitu: nafasi tupu, saa moja, uzi uliochoka, kilicho hakika na kisicho hakika. Alikuwa fundi; alieleza vizuri.

Mzee alisikiliza huku mkono wa kushoto ukiusugua wa kulia.

"Wewe unataka nini?" aliuliza.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, naye hakujiuliza. Jibu lilitoka kabla hajalipanga.

"Nataka niwe mimi. Nataka ukicheka vile, uwe unacheka na mimi. Namwonea wivu, Shekiondo. Namwonea wivu maiti. Nimemwonea wivu tangu siku nilipoliona lile bao juu ya kabati. Nikipalilia kaburi lake nilikuwa natazama kama limezama vizuri."

Hakuwa amepata kumwita mumewe kwa jina. Lilikaa katikati yao kama mgeni.

Mzee aliacha kuusugua mkono. Kisha akasema, "Basi kaa."

"Nini?"

"Kaa hapa pembeni. Nivalishe miwani, kaa. Mkono ni mkono tu, Mwanjaa. Wa kushoto ninao. Uliyonifanyia miezi hii hayalipwi kwa vidole." Akageuza uso amtazame sawasawa, mdomo wake wa upande ukijitahidi kunyooka. "Nasema kweli. Kaa."

Mwanjaa aliuchukua mkono wa kulia, akaulaza kwenye kiganja chake. Ulikuwa mzito na baridi, ngumi imefumba kama ya mtoto mchanga. Kwa mkono huu Shekiondo alikuwa seremala. Alijua jinsi alivyochukia kulishwa. Alivyokuwa akifumba macho kila kijiko kilipokaribia, ili asimwone anayemlisha. Alijua pia kwamba akikaa, Mzee hatamlaumu kamwe, hata ngumi ikakaza, hata akafa nayo. Na hilo ndilo lililomshinda. Atakuwa ameingia, sawa. Atakaa mle ndani ya miwani, na kila siku atauona mkono huu nje.

Lakini tamaa haikuondoka kwa sababu ameelewa. Ilikuwa pale pale.

Alimvalisha glavu, akabana vifungo vitatu vya kifundoni. Akamvalisha miwani, akaisawazisha juu ya pua. Kidole chake kilikaa kwenye kitufe cha kuwashia.

"Umekaa?" Mzee aliuliza toka gizani mwake.

"Vitunguu vimeisha," alisema Mwanjaa. "Naenda sokoni."

Akabonyeza, akatoka nje karibu mbio kabla miguu yake haijabadili nia.

Sokoni hakuhitaji kitu. Alikuwa na vitunguu kikapu kizima. Aliuliza bei ya nyanya, akauliza bei ya bamia, akashika papai akalinusa, akalirudisha. Muuza dagaa alimwambia, "Mama, leo umekuja kututembelea au kununua?" wenzake wakacheka, naye hakusikia. Aliitazama saa ya mnara wa soko. Dakika kumi na mbili. Sasa anakaa mkekani. Dakika ishirini. Sasa mikono imesogea. Alikuwa anaweza bado kurudi. Toka sokoni mpaka nyumbani ni dakika nane ukikata kwa kinyozi. Alifika mpaka kwa kinyozi. Akasimama hapo akisoma tangazo la mitindo ya nywele, picha moja moja, namba moja mpaka kumi na nane, halafu akaanza tena upya. Wivu ulikuwa unamla wazi wazi, mchana kweupe, mbele ya vichwa kumi na nane vilivyonyolewa.

Saa ilipogonga kumi na robo ndipo alipokwenda.

Mzee alikuwa amevua miwani kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa juu ya goti, glavu bado imevaliwa, na kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka. Hakikunyooka sana, lakini kilikuwa kinaelekea mlangoni. Alipomwona mkewe alijaribu kuificha furaha, uso ukashindwa kuishika.

"Amekuja," alisema kwa upole.

"Nimeona." Mwanjaa alivua viatu. Alivipanga, kimoja, kingine. "Amekufunga?"

"Mara mbili."

"Amesemaje?"

"Aah, maneno ya bao tu."

"Niambie." Alikaa pembeni yake, bega kwa bega, akitazama mbele. "Yote. Usipunguze hata moja."

Mzee alikohoa. "Ameniambia nimekaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa meno. Ameniambia kete zangu zimechoka kunitazama. Na..."

"Na?"

"Ameuliza huko nilikooa wananilisha nini, mbona nacheza kama mwenye njaa."

Mwanjaa aligeuka. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alijua vizuri, yeye fundi, kwamba mle ndani hamna mtu, ni mume wake huyu anajisemea mwenyewe. Haikumsaidia hata chembe.

"Kesho ukimwona," alisema, "mwambie kile kitanda chake cha mti wa mkongo alichokuja nacho kutoka kwao, nilikiuza wiki ya kwanza tu nilipoolewa."

Mzee alitoa macho. "Mwanjaa! Uliniambia kimeingiwa na mchwa!"

"Hakikuwa na mchwa hata mmoja. Mwambie hivyo hivyo. Na mwambie aliyesema ni mimi, Mwanjaa. Umtajie na jina."